Vidonge vya Manjano na Mgomba wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alichemsha chinsaga, yale majani machungu ya mgagani, mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa ya kuitoa uchungu. Aliyaacha majani yatokote mpaka maji yageuke kijani kizito, akainua chungu kwa matambara mawili, akatoka kwa mlango wa nyuma na kuyamwaga maji yote kwenye shina la mgomba uliokuwa hatua chache kutoka jikoni. Kisha akatia maji mapya, akachemsha tena mpaka majani yalainike kabisa, akamimina maziwa na kukiacha chungu kando ya moto. Mboga hiyo ililiwa siku mbili, wakati mwingine tatu, ikipashwa moto kila mlo. Ijumaa alipika nyingi zaidi, kwa sababu sisi ni Wasabato na Jumamosi hakuna aliyepika.

Ilikuwa tamu. Nasema hivyo mapema ili nisije nikaonekana namwonea. Wanawake wa kanisa letu walikuwa wakimsifu kwa chungu kile kuliko kwa sala zake. Na mgomba ule wa nyuma ya jiko ulinawiri kuliko migomba yote ya boma. Ulikuwa mnene, mweusi kwa afya, na mikungu yake ilibidi iegemezwe kwa miti miwili. Ulinawiri kuliko mimi.

Niliolewa katika boma hilo, upande wa Keroka, miaka ya sitini ikielekea kwisha. Mume wangu alikuwa karani katika shamba la chai Kericho na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nilifundisha darasa la pili. Katika boma lile mke kijana hakupewa mafiga yake mwenyewe mpaka apate mtoto aliye hai, kwa hiyo nilikula kilichopikwa na mama mkwe, jikoni kwa mama mkwe, mbele ya macho ya mama mkwe. Sikumpenda. Amekufa zamani, na sioni sababu ya kuanza kumpenda sasa.

Mtoto wangu wa kwanza aliishi siku mbili. Alikuwa msichana. Sehemu ya chini ya mgongo wake, karibu na kiuno, haikuwa imefunga. Palikuwa na kivimbe chenye ngozi nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, na miguu yake haikujongea. Wanawake walionizalisha walitazamana juu ya kichwa changu. Nilimgeuza mwenyewe walipotoka, nikaona.

Alipozikwa, ndipo maneno yalipoanza. Sisi Abagusii tuna chinsoni, yaani sheria za haya na heshima kati ya watu fulani. Mke hakutani na baba mkwe njia nyembamba, haingii anapolala, hatamki mbele yake jambo lolote la mwili. Mama mkwe alitangaza kwamba nilikuwa nimemwona mumewe akioga mtoni, na kwamba ndiyo sababu mtoto alizaliwa akiwa wazi mgongoni. Sikuwa nimemwona. Nilichoona ni shati lake limeanikwa kichakani, nikageuka na ndoo tupu. Niliposema hivyo, akajibu, “Mwenye shati alikuwa wapi kama si ndani ya maji?” Mbuzi wa utakaso akachinjwa kule chini shambani, kimya kimya ili mzee wa kanisa asijue, na mzee wa kanisa akaletewa paja.

Baada ya mbuzi aliniambia neno moja nililolibeba mwaka mzima. Tulikuwa tukichambua mboga, yeye na mimi peke yetu.

“Wa pili akiwa hivi, mwanangu ataoa mwingine. Yuko msichana kule Nyamarambe. Mama yake alizaa kumi na mmoja, wote wanatembea.”

Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Tangu siku hiyo nilijua vizuri kilichokuwa mbele yangu. Mtoto wa pili angekuwa mzima, au mimi ningekuwa mke wa kwanza asiye na mafiga katika boma la mwanamke mwingine.

Zahanati ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu, upande wa kuelekea Sironga. Muuguzi wake wa kliniki ya wajawazito alitoka kwa watu wa ziwani, na hakujua neno la Ekegusii zaidi ya salamu. Wanawake wa kwetu nao hawakujua Kiswahili zaidi ya kile cha sokoni. Kwa kuwa darasa la pili hutoka saa sita na nusu, mwalimu mkuu alinituma kila Alhamisi nikawe mkalimani. Sikuwahi kuona watu wakichukiana kwa utaratibu kama pale. Wanawake walikaa kwenye benchi refu la mbao, mikono juu ya matumbo yaliyokwisha kuwa makubwa, nao muuguzi alisimama mbele yao akiwa na kalamu sikioni.

“Waambie wamekuja wakiwa wameiva kama ndizi,” aliniambia. “Miezi saba! Walikuwa wameificha wapi mimba, kwenye gunia?”

Nikatafsiri. Mama mmoja wa mwisho wa benchi akanyoosha midomo.

“Mwalimu, mwambie huyo sista wako kwao mimba huonekana mapema kwa sababu wanakula samaki kisha wanapita wakiringa. Sisi hatuanikii mtu tumbo.”

Benchi zima likacheka. Muuguzi akanitazama. “Anasemaje?”

“Anasema wakati mwingine atajitahidi kuja mapema, sista.”

“Muongo wewe na muongo yeye.”

Ilikuwa kweli kwamba walificha. Kwetu mimba haikutajwa mpaka itokeze yenyewe chini ya nguo. Kulikuwa na majirani waliosemwa kuwa na jicho baya, na mwanamke mwenye akili hakuwapa kitu cha kutazama. Kwenda kliniki mwezi wa pili ilikuwa ni kupanda juu ya meza sokoni na kupiga kelele. Kwa hiyo walikuja mwezi wa sita, wa saba, wakiwa na viganja vyeupe kama karatasi na pumzi fupi. Muuguzi aliwapa vidonge na matusi kwa kipimo kilekile. Vidonge wengi walivificha. Walisema vinamnenepesha mtoto tumboni mpaka ashindwe kutoka, na mama apelekwe hospitali ya Kisii kukatwa kwa kisu.

Alhamisi moja benchi lilipokuwa limebaki tupu, muuguzi alifungasha vifaa vyake, kisha akaninyooshea kalamu.

“Na wewe mkalimani, njoo hapa.”

Akanivuta kope la chini kwa kidole gumba. Akanigeuza kiganja.

“Damu yako ni maji ya kusuuzia vikombe. Mtoto wako yuko wapi? Umeolewa siku nyingi.”

Nikamwambia. Nilimweleza na ule mgongo, mara ya kwanza kumwambia mtu. Hakunipa pole, wala sikumbuki akimpa mtu yeyote pole. Alifungua kabati, akahesabu vidonge vya aina mbili kwenye karatasi. Vimoja vilikuwa vya rangi ya matofali, vingine vidogo sana, vya manjano, kama mbegu.

“Sina mimba, sista,” nikasema.

“Nimekuuliza? Nyinyi ni watu wa chai. Mnatayarisha shimo kwanza, au mnapanda kisha ndiyo mnaanza kutafuta jembe? Hiki chekundu ni cha madini ya chuma. Hiki cha manjano kinaitwa asidi ya foliki, na bila hiyo mwili hauwezi kutengeneza damu sawasawa. Meza kila siku, kuanzia leo, kabla hujashika mimba. Ukishika, endelea. Mtoto anaanza kukula wewe kabla hujajua yuko.”

Juu ya mgongo hakusema lolote. Nimejiuliza mara nyingi kama alijua, na nadhani hakujua. Wakati ule si wengi waliojua. Alichojua ni damu, na kwa ajili ya damu alinitukana mpaka mlangoni.

“Na hiyo asidi iko pia kwenye mboga zenu za majani, kwenye maharagwe, kwenye maini. Lakini nyinyi mnazichemsha mboga mpaka zife mara mbili, kisha mnamwaga supu yote nje. Dawa mnawapa kuku. Waambie hivyo Alhamisi ijayo.”

Alhamisi iliyofuata niliwaambia. Mama wa mwisho wa benchi akauliza kama huko ziwani wanakula nyasi mbichi. Mimi niliufikiria mgomba.

Vidonge nilivitia katika kopo la mafuta ya nywele, nikalichomeka kwenye nyasi za paa la jikoni, juu ya mlango. Katika nyumba niliyolala sikuwa na maji ya kunywa yaliyochemshwa, ila jikoni asubuhi uji ulikuwepo. Nilimeza kimoja cha manjano na kimoja chekundu kila siku mama mkwe alipotoka kukamua. Nilifanya hivyo karibu miezi mitatu. Niliacha kuona giza nilipoinuka kutoka kwenye kiti, na nilipanda kilima cha shule bila kusimama njiani. Wanafunzi wangu walilalamika kwamba sauti yangu imekuwa kali.

Lakini benchi lilikuwa limeona. Mwanamke asiye na tumbo, kila Alhamisi zahanati, akitoka na karatasi iliyokunjwa. Na kosa walilofanya ni kosa ambalo wakati ule lingefanywa na watu wa kwetu tu. Mwaka huohuo watu wa mpango wa uzazi walikuwa wamepita soko la Keroka na picha kubwa ya baba, mama na watoto wachache waliovaa viatu, wakasema kuna kidonge ambacho mwanamke humeza kila siku ili asizae. Kila siku, kidonge kidogo, mwanamke asiye na mimba. Hesabu hiyo mama mkwe aliipiga mara moja, naye hakuwa amesoma. Jumamosi baada ya kanisa mtu alimnong'oneza. Jumapili asubuhi alipekua jiko lote, na kopo akalipata.

Mume wangu alikuwa nyumbani, kwa kuwa ulikuwa mwisho wa mwezi. Tuliitwa. Mama mkwe alisimama katikati ya jiko ameshika kopo kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Baba mkwe hakuweza kuingia kwa sababu yangu, na jambo lenyewe lilikuwa la kumtia haya, basi aliwekewa kiti nje, karibu na mlango, mgongo akitupa sisi na uso akiupa shamba lake la chai. Mimi niliyekuwa nikitafsiri maneno ya wengine kila Alhamisi sikuruhusiwa kusema naye neno. Kila kitu kilipitia kwa mtu mwingine.

“Mwambie mke wako aseme hivi ni vya nini,” mama mkwe alimwambia mwanawe, nami nikiwa nimesimama kando yake.

“Vya nini?” mume wangu akaniuliza.

“Vya damu.”

“Damu gani?” mama mkwe akadakia. “Anaumwa? Ana mimba?”

Swali hilo mke hawezi kulijibu baba mkwe akisikia, naye alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Nikanyamaza. Alingoja kidogo ili kimya changu kisikike mpaka nje.

“Mnaona? Hana mimba. Haumwi. Anameza kila siku. Tulionyeshwa sokoni. Ni nini hicho kama si kufunga mlango? Wa kwanza alimtoa amevunjika, na sasa hataki wa pili aingie. Mwanangu yuko Kericho anavunjika mgongo kwa kalamu, na huku mkewe anameza watoto wake mmoja mmoja na uji wangu.”

Baba mkwe alikohoa nje. “Mama watoto,” akasema akiitazama chai, “muulize mwanangu kama jambo hili lina mwisho. Ng'ombe hawajanyweshwa.”

“Litaisha leo,” mama mkwe akajibu.

Nilisubiri mume wangu aseme. Nilimtazama. Alikuwa akitazama kopo kana kwamba linaweza kujieleza lenyewe. Ndipo nilipofanya jambo ambalo mke wa kwetu hafanyi. Nilimjibu mama mkwe moja kwa moja, kwa sauti ya darasani, baba mkwe akisikia kila neno.

“Kilichomo ndani ya kidonge hicho cha manjano kimo pia ndani ya chinsaga, Mama, na wewe unakimwaga kila siku. Sista amesema. Kinatoka na yale maji ya kwanza. Unaupa mgomba. Mgomba unazaa, mimi nazika.”

Baba mkwe aliinuka na kwenda kwa ng'ombe wake bila kugeuka. Hicho ndicho kilichonionyesha ukubwa wa nilichofanya. Kuhusu kumwona mtoni walinisingizia, lakini hapa nilikuwa nimevunja chinsoni kweli. Na zaidi ya hapo nilikuwa nimemwambia mwanamke aliyesifiwa na kanisa zima kwamba hajui kupika.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alitoka na kopo, akalitupa kwenye choo cha shimo, akarudi akipangusa mikono.

“Wimbi likivunwa kabla sijaona tumbo,” akasema, “nitakwenda Nyamarambe mwenyewe.”

Alasiri nilimsindikiza mume wangu Keroka kupanda basi.

“Ni vya damu kweli?” akauliza njiani.

“Nilikwisha kukuambia.”

“Mama anasema—”

“Najua Mama anasema nini. Wewe unasema nini?”

Alibadilisha begi mkono. “Mimi nasema nataka mtoto.”

“Basi tunataka kitu kimoja. Mwambie mama yako.”

Hakumwambia. Alipanda basi, akakaa upande usio wangu.

Jumatatu nilirudi kutoka shuleni nikakuta bakuli langu limefunikwa kwa sahani. Nilipofunua nilijua harufu kabla ya kuona. Ilikuwa chinsaga iliyochemshwa mara moja tu, tena kwa muda mfupi, majani bado yana mishipa, na maji yake yote yapo, kijani, yanaelea. Maziwa hayakutiwa. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mbele yangu.

“Kula,” akasema. “Mgomba umesema umeshiba.”

Asiyeijua chinsaga ambayo haikutolewa uchungu hawezi kuelewa. Ulimi hukunjamana, masikio huuma. Nilichukua tonge la obokima, ugali wetu wa wimbi, nikachovya, nikala. Hakuondoa macho. Nami nikaamua pale pale kwamba sitamwachia hata jani. Nilipomaliza majani niliinua bakuli kwa mikono miwili nikanywa yale maji mpaka chini, nikamrudishia bakuli. “Asante, Mama.”

“Kesho ipo,” akasema.

Kesho ilikuwepo, na kesho kutwa, na wiki, na mwezi. Alidhani nitaomba radhi. Mimi nilidhani atachoka. Kila siku alikuwa na neno la kuweka juu ya bakuli. “Kunywa, mwalimu, usome vizuri.” “Leo nimekuongezea dawa, nisije nikashtakiwa kwa sista.” Mimi nilikuwa na neno moja tu, asante Mama, na nililisema vibaya kadiri nilivyoweza. Na kwa kuwa hakutaka kupoteza kuni kwa vyungu viwili, boma zima lilikula adhabu yangu. Nilimsikia baba mkwe upande wa pili wa ukuta akiuliza, “Mboga hizi ni za kumwadhibu nani?” Akajibiwa, “Kula. Umezaa mtoto aliyeoa mwalimu.”

Alhamisi ya kwanza nilikwenda kumwambia muuguzi kilichotokea.

“Chooni?” akapiga meza. “Dawa nzuri namna hiyo chooni? Na wewe ulikuwa umesimama unatazama?” Alinipa vingine, akanifuata mpaka barabarani akinitukana mbele ya wapita njia. Safari hii niliviweka shuleni, ndani ya sanduku la chaki, nikavimeza saa ya mapumziko kwa chai baridi. Nilikuwa nimekosa siku nne tu.

Mwezi ulipita bila damu, kisha wa pili. Na hapa lazima niandike jambo linaloniaibisha. Sikumwambia mtu. Mimi niliyetafsiri matusi yote yale juu ya wanawake wanaoficha mimba, nilificha. Nilifunga leso mbili. Nilipishana na jirani mmoja niliyeambiwa ana jicho baya, nikaweka rundo la madaftari mbele ya tumbo ambalo halikuwa bado na kitu cha kuonekana. Muuguzi ndiye aliyegundua, kwa sababu nilitapika nyuma ya zahanati kati ya mgonjwa na mgonjwa.

“Hata wewe!” akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona amechoka badala ya kukasirika. “Unameza?”

“Nameza.”

“Basi ficha unavyotaka. Lakini meza.”

Mama mkwe hakuambiwa, na alijua. Mwanamke aliyezaa tisa haambiwi. Sikuona badiliko usoni mwake. Nilichoona ni kwamba bakuli lilikuwa kubwa zaidi. Maharagwe yakaanza kuonekana chini ya majani. Siku moja kulikuwa na kipande cha ini, na nilipomtazama akasema, “Paka amekikataa.” Uchungu haukupungua hata kidogo. Hakuna siku aliyonitilia maziwa.

Wimbi likaiva. Tulikuwa shambani tukivuna kwa visu, wanawake wote wa boma, migongo imeinama. Niliponyooka kupumzika, leso ya juu ililegea, upepo ukanibana gauni mwilini. Mama mkwe alikuwa mistari mitatu mbele. Alinitazama kuanzia kifuani mpaka magotini, polepole, kama mnunuzi wa ng'ombe. Wengine wote waliacha kukata ili wasikie atasema nini juu ya Nyamarambe.

“Nyamarambe ni mbali,” akasema, akainama tena. “Miguu inaniuma.”

Hilo ndilo neno pekee lililosemwa. Lakini mimi sikuweza kufurahi bado, na yeye pia, kwa sababu tumbo la kwanza nalo lilikuwa limekua vizuri. Tumbo halikuwa limetuambia chochote kuhusu mgongo. Miezi iliyobaki nilihesabu mateke. Nilikuwa nikilala nikiwa nimeweka mkono hapo, nikingoja miguu, kwa sababu yule wa kwanza hakuwa na miguu ya kupiga.

Uchungu ulinishika asubuhi, wachuma chai wakiwa wameshuka mashambani, na hapakuwa na wa kunipeleka popote. Alikuwepo mama mkwe. Alinizalisha yeye na jirani mmoja, akinikaripia tangu mwanzo hadi mwisho kwa ulegevu wa walimu. Mtoto alipolia, sikumtazama uso. Nilimtazama mama mkwe. Hakumfuta mtoto, hakutazama kama ni wa kiume au wa kike. Alimlaza kifudifudi juu ya mkono wake wa kushoto, na kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia akaanzia kwenye kisogo, akashuka taratibu, pingili kwa pingili, mpaka chini kabisa. Akarudi juu, akashuka tena. Mtoto akampiga teke la tumbo.

“Amefunga,” akasema.

Kisha akamgeuza. “Msichana. Ana mdomo wako.”

Sikumshukuru. Naye hakuniomba radhi kwa neno lolote alilolisema juu ya yule wa kwanza, wala siku hiyo wala kabla hajafa.

Miaka mingi baadaye, binti huyo alipokuwa karibu kuolewa, daktari alimwandikia kidonge kilekile cha manjano, akamweleza kwamba mgongo na ubongo wa mtoto hujifunga katika wiki za kwanza kabisa, wakati mama hajajua, na kwamba asidi ya foliki iliyokwisha kuwemo mwilini husaidia vifunge sawasawa. Ndiyo maana humezwa kabla. Siwezi kusema kwamba kukosa kidonge ndiko kulikomfungua mtoto wangu wa kwanza, kwa sababu hakuna aliyepima, na mambo mengine pia huweza kusababisha. Wala siwezi kusema ni nini kilichomfunga wa pili, kama ni sanduku la chaki au ni bakuli la chuki, maana nilivila vyote pamoja. Ninachojua ni kwamba hakuna shati lililoanikwa kichakani lililohusika. Na wanawake wangapi kwenye lile benchi walizika watoto wakaambiwa ni macho yao, ni miguu yao, ni njia waliyopita? Hilo bado linanikasirisha, na sitaki likome kunikasirisha.

Nilipopeleka mtoto zahanati, muuguzi alimgeuza naye, akamshusha kidole mgongoni kama mama mkwe alivyofanya, akanirudishia.

“Sawa,” akasema. “Na wa tatu? Umeshaanza vidonge?”

Ila nilikuwa nataka kumaliza na wiki ile ya kujifungua. Siku ya nne mama mkwe aliingia kwangu na ndizi za kunipikia. Alikuwa ameukata mgomba wa nyuma ya jiko. Mkungu ule nilioujua kwa kuegemezwa miti miwili safari hii alikuwa ameubeba kwa mkono mmoja, vichane vichache, vidole vyembamba. Kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, na mgomba hauwezi kudhoofika kwa kukosa chungu kimoja cha maji. Hilo nalijua mimi, na alilijua yeye.

Aliuweka chini karibu na kitanda, akautazama, kisha akamtazama mtoto aliyekuwa ananyonya.

“Umeula mgomba wangu,” akasema, akatoka kwenda kuchemsha chinsaga. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, nilimsikia akimwaga yale maji ya kwanza nje.